Vumbi au galaksi? Mafunzo ya kutafuta sahani na wenza wa vibete vyeupe ukiwa Arusha

Ukiona ziada ya infraredi kwenye kibete cheupe, yaani mwanga wa infraredi unaozidi ule nyota yenyewe inaoweza kutoa, dhana ya kwanza iwe galaksi ya nyuma. Vumbi linaloizunguka nyota lisubiri, mwenza (kitu kingine kinachozungukana nayo) naye asubiri. Wanaoanza kazi hii huona ni kuvunjana moyo, lakini hesabu ndiyo inayotaka hivyo, na hesabu yenyewe inaingia nyuma ya bahasha. Katalogi ya AllWISE, iliyotokana na darubini ya angani ya infraredi WISE, ina vyanzo kama milioni 747. Anga lote lina digrii za mraba 41,253, kwa hiyo wastani ni vyanzo 18,000 kwa kila digrii ya mraba. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sekunde 3 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600) mahali popote angani, na uwezekano wa kukuta ndani yake kitu kisichokuhusu ni karibu asilimia 4. Sahani za vumbi zinazoonekana kwa infraredi, kwa upande wake, zipo kwenye asilimia 1 hadi 4 tu ya vibete vyeupe. Yaani unachokitafuta kina wingi sawa na uchafu unaokidanganya, au ni pungufu.

Kibete cheupe ni kiini kinachobaki nyota ya aina ya Jua inapomaliza fueli na kupuliza matabaka yake ya nje. Kwa kawaida kina uzito wa kama 0.6 ya Jua uliobanwa kwenye umbo lenye ukubwa wa Dunia. Udogo huo ndio mtaji wetu. Simama jioni karibu na mafundi wa kuchomelea pale Unga Limited: cheche ni nukta tu, nyeupe ya kuelekea buluu, huwezi kuikodolea macho. Pembeni mama ntilie ana jiko la mkaa, jekundu, halisumbui macho ya mtu, lakini ukipita ndilo linalokupasha miguu. Kibete ni cheche, vumbi ni jiko. Kibete cha Kelvini 12,000 kina kilele cha mwanga kwenye mikromita 0.24, ndani ya urujuanimno. Vumbi la Kelvini 1,000 kilele chake ni mikromita 2.9. Kuanzia mikromita 2 kwenda mbele cheche inafifia na jiko linajitokeza. Kibete cha kahawia, kitu kilicho kati ya sayari na nyota, nacho hujitokeza kwa njia hiyohiyo. Kina ukubwa wa sayari ya Mshtarii, kipenyo chake ni mara nane hadi kumi ya kile cha kibete cheupe, kwa hiyo japo ni baridi kina eneo kubwa la kung'aa.

Vumbi lenyewe ni mabaki ya asteroidi iliyosogea mno. Ikifika umbali wa kama nusu kipenyo kimoja cha Jua kutoka kwenye kibete, mvutano unaichana vipande, vipande vinasagana, na unga wake unaishia kwenye uso wa nyota. Humo ndimo tunamoona kalisi, magnesi, chuma na silikoni kwenye spektra, yaani mwanga wa nyota uliochambuliwa kwa rangi. Metali hizo hazikai juu. Kwenye kibete chenye joto na hewa ya hidrojeni huzama kwa siku au miaka michache, kwa hiyo ukiziona leo ujue kuna kitu kinachozilisha. Kwenye vile vyenye heli huchukua hadi mamilioni ya miaka, na hapo ushahidi wa kulishwa sasa hivi unakuwa dhaifu. Nyota ya van Maanen, iliyogunduliwa mwaka 1917 umbali wa miaka ya nuru 14, ilionyesha kalisi hiyo kwenye bamba la picha la enzi hizo. Ilichukua karibu karne nzima mtu kutambua kwamba lilikuwa limenasa mabaki ya mfumo wa sayari.

Mwaka 1987 wanaastronomia Zuckerman na Becklin walikuta ziada kwenye kibete G29-38 wakauliza kama ni kibete cha kahawia. Ilikuja kuwa vumbi. Mwaka uliofuata watu haohao wakatangaza GD 165B, na huyo alikuwa mwenza kweli. Ziada mbili zinazofanana kwa mbali, majibu mawili tofauti. Ndiyo maana mtu mwenye namba mbili za WISE peke yake hapaswi kusema lolote kwa sauti.

Kazi ya kumbukumbu za angani inafanyika bila darubini. Laptop yenye RAM ya GB 8 inatosha, pamoja na programu za TOPCAT (ya majedwali) na Aladin (ya picha za anga), na Python yenye astropy. Kinachouma hapa kwetu ni bando. Kipande kizima cha picha ya AllWISE kina pikseli 4,095 kwa 4,095, na hiyo ni kama MB 67 kwa kila kichujio. Usikishushe. Omba mkato wa dakika 2 za tao kuzunguka nyota yako: pikseli kama 87 kila upande, kilobaiti kadhaa tu. Nyota 500 kwa vichujio viwili zinaingia kwenye kifurushi cha usiku na chenji inabaki. Andika programu yako ihifadhi kila mkato papo hapo na kuruka iliyokwisha kushushwa, kwa sababu umeme utakatika, na utakatika ikiwa namba 480.

Sampuli anzia kwenye katalogi ya vibete vyeupe ya Gentile Fusillo na wenzake ya mwaka 2021, iliyotokana na Gaia EDR3, data za darubini ya angani ya Ulaya iliyopima nafasi na mwendo wa nyota. Ina vyanzo zaidi ya milioni 1.2, ukichagua vyenye Pwd (uwezekano wa kuwa kibete cheupe kweli) zaidi ya 0.75 unabaki na takriban 359,000. Hizo ni nyingi mno kwa mtu mmoja, na zilizo mbali hazionekani kwenye WISE hata kidogo. Chukua zenye paralaksi (kuyumba kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua) zaidi ya milisekunde 10 za tao, yaani ndani ya parseki 100 (parseki moja ni miaka ya nuru 3.26). Humo ufifishaji wa vumbi la kati ya nyota ni mdogo kiasi cha kuupuuza. Kisha ondoa zilizo ndani ya digrii 15 au 20 kutoka Njia Nyeupe, kwa kuwa pale vyanzo vimesongamana kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni na ile asilimia 4 inapanda sana. Kuna chujio moja watu hulitumia kwa mazoea ambalo linadhuru: kuondoa kila nyota yenye RUWE (kipimo cha Gaia cha jinsi nyota inavyokataa kufuata njia ya nyota moja) zaidi ya 1.4. RUWE kubwa ni dalili kwamba nyota inayumba au ina kitu pembeni. Ukiwa unatafuta wenza, umewafukuza mlangoni.

Sasa kulinganisha katalogi, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Nafasi za Gaia DR3 ni za mwaka 2016.0. Picha za 2MASS, upimaji wa anga kwa infraredi kutoka ardhini, zilipigwa kati ya 1997 na 2001, na zile za AllWISE ni za 2010 na mwanzoni mwa 2011. Vibete vyeupe vilivyo karibu hutembea. Nyota yenye mwendo wa sekunde 0.3 za tao kwa mwaka ilikuwa sekunde 5 nyuma wakati 2MASS inapita, na kama sekunde 1.7 nyuma wakati wa WISE. Ukilinganisha kwa duara la sekunde 2 bila kurudisha nafasi nyuma, 2MASS itakosa nyota yako au itakupa jirani, na jirani huyo ndiye atakayekuja kuitwa mwenza. Rudisha kila nafasi kwenye mwaka wa picha kwanza, kisha tumia duara la sekunde 2 hadi 3.

Baada ya hapo soma alama za ubora kabla ya kusoma namba. Kwenye AllWISE, cc_flags (uchafuzi wa picha) iwe 0 kwa W1 na W2 (vichujio vya mikromita 3.4 na 4.6), ext_flg (chanzo kilichotanuka) iwe 0, na ph_qual (ubora wa kipimo) iwe A au B. Herufi U kwenye ph_qual maana yake ni ukomo wa juu, nyota haikuonekana. Karibu kila kibete cheupe kina U kwenye W3 na W4 (mikromita 12 na 22), na anayezichora kama vipimo hupata mstari unaopaa kuelekea mikromita 22 kama barabara ya Marangu. Grafu ya namna hiyo inapendeza sana, na haina nyota ndani yake.

Kosa la pili kwa umaarufu ni mfumo wa magnitudi, kipimo cha mwangaza ambacho namba kubwa ni nyota hafifu. WISE, 2MASS na Gaia zinatumia mfumo wa Vega. Pan-STARRS, upimaji wa anga kwa mwanga wa kawaida kutoka Hawaii, inatumia ule wa AB. Geuza zote kuwa janski, kizio cha flaksi (kiasi cha mwanga unaotufikia), kabla ya kufanya lolote. Kwa W1 sifuri ya kipimo (flaksi ya magnitudi 0) ni janski 309.54, kwa W2 ni 171.787, kwa J, H na Ks za 2MASS (mikromita 1.2, 1.7 na 2.2) ni 1,594, 1,024 na 666.7. Mfumo wa AB ni 3,631 kwa vichujio vyote. Ukiichukulia W1 ya Vega kuwa ni AB unaizidisha karibu mara 12, na W2 mara 21. Habari njema ni kwamba kosa hili linajitangaza: ukikuta kila nyota kwenye orodha yako ina sahani ya vumbi, usiwapigie simu waandishi wa habari.

Modeli ya nyota ifungwe kwa mwanga wa chini ya mikromita 1 peke yake: Gaia na Pan-STARRS, pamoja na paralaksi. Hapo unapata joto na nusu kipenyo, kisha unaiuliza modeli infraredi ingekuwa kiasi gani. Ukiingiza W1 na W2 kwenye ulinganishaji wenyewe, modeli itapunguza joto la nyota ili imeze ziada, na utabaki na nyota baridi isiyo na habari. VOSA, huduma ya mtandaoni, ina modeli za vibete vyeupe za Koester na inafanya kazi hii kupitia kivinjari, jambo linalofaa kwa mwenye mashine ya kawaida. Chini ya Kelvini 5,000 tahadhari: hidrojeni iliyobanwa hunyonya infraredi, kwa hiyo nyota inaweza kuwa na upungufu badala ya ziada.

Mfano wa hesabu, si wa nyota fulani. W1 imepimwa 14.50 kwa kosa la 0.03, modeli ilitegemea 15.10. Flaksi iliyopimwa ni milijanski 0.491, ya modeli ni 0.282. Tofauti ni 0.209. Kosa la kipimo ni kama 0.014, na modeli ipe asilimia 5, nayo ni 0.014. Ukizijumlisha kwa miraba unapata 0.020, kwa hiyo ziada ni mara 10 ya kosa. Hiyo ni imara. Ya mara 3 siyo: kwenye nyota 10,000, bahati nasibu peke yake hukuletea 13 au 14 zinazovuka mstari huo kwenda juu. Dai ziada kwenye W1 na W2 kwa pamoja, na weka kizingiti kwenye 5.

Ziada iliyovuka hapo bado haijawa na mwenyewe. Ukungu wa WISE kwenye W1 una upana wa sekunde 6 za tao, na kitu chochote kilichojificha ndani yake kinahesabiwa kuwa mwanga wa nyota yako. Kikulacho ki nguoni mwako. Fungua mkato wa Pan-STARRS au wa Legacy Surveys na utafute vinundu ndani ya sekunde 6. Upande wa kusini mwa anga tumia Ks ya VHS (upimaji wa infraredi wa anga la kusini), ambayo inaingia ndani kuliko 2MASS kwa magnitudi kadhaa. Galaksi nyekundu ya mbali inaweza isionekane kabisa kwenye mwanga wa kawaida, kwa hiyo picha safi ya buluu haimalizi kesi. Pima kitovu cha chanzo kwenye W1 na tena kwenye W2: kikiwa zaidi ya sekunde 1 kutoka mahali Gaia inapoiweka nyota mwaka huo, shuku. Kikisogea kuelekea upande mmoja kadiri unavyotoka W1 kwenda W2, shuku zaidi, maana kitu chekundu pembeni ndicho kinachokivuta.

Jaribio tunaloliamini kuliko yote ni la mwendo. WISE ilianza kupiga picha Januari 2010 na ikafanya kazi, kwa mapumziko katikati, hadi katikati ya 2024. Nyota yenye mwendo wa sekunde 0.2 kwa mwaka imesafiri karibu sekunde 3 katika muda huo, zaidi ya pikseli nzima ya kamera yake. Chukua picha za unWISE (picha za WISE zilizojumlishwa upya) za mwanzo na za mwisho, zipishanishe. Vumbi na mwenza wa kweli vitasafiri na nyota. Galaksi itabaki pale ilipo, na nyota ikishasogea utaona doa likirefuka au likigawanyika. Kwa nyota zenye mwendo mdogo jaribio hili halisemi kitu, nazo ndizo nyingi. Ziandike kuwa hazijaamuliwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ukitumia picha kali zaidi za darubini ya angani Spitzer ulionyesha kwamba mkanganyiko huu kwenye ziada zilizochaguliwa kwa WISE hauepukiki, na Spitzer yenyewe ilizimwa Januari mwaka huohuo.

Ziada ikivuka yote hayo ndipo swali la vumbi au mwenza linapofunguka. Tazama inaanzia wapi. Vumbi huyeyuka kuwa gesi likizidi kama Kelvini 1,200 hadi 1,500, kwa hiyo ziada yake huanza kwenye K au baadaye, na J inabaki safi. Ziada inayoanzia J au H ni ya nyota nyekundu ndogo au kibete cha kahawia chenye joto. Kibete cha kahawia baridi cha aina ya T kina alama yake: methani hunyonya karibu na mikromita 3.3, kwa hiyo W1 inazama huku W2 ikibaki juu. Lakini spektra ndiyo hakimu. Kalisi kwenye nanomita 393.3 inaelekeza kwenye vumbi. Mistari mitatu ya kalisi inayong'aa kwenye 849.8, 854.2 na 866.2, ikiwa na vilele viwili kila mmoja, ni gesi inayozunguka, kama ilivyotangazwa mwaka 2006 kwa SDSS J1228+1040. Mstari wa hidrojeni unaong'aa na kwenda mbele na nyuma kwa saa chache ni mwenza anayechomwa upande mmoja. Ndivyo WD 0137-349 ilivyo, ambako kibete cha kahawia kinazunguka kwa dakika 116.

Wenza wa mbali hutafutwa kwa njia nyingine kabisa, na kwa mwenye bando dogo ndiyo kazi nafuu. Chukua umbali kati ya nyota na mwenza kwa vizio astronomia (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua), ugawanye kwa umbali wa nyota kutoka kwetu kwa parseki, unapata sekunde za tao: vizio 10,000 kwenye parseki 50 ni sekunde 200. Tafuta ndani ya duara hilo kitu chenye mwendo uleule. Gaia huishia karibu na magnitudi 21, kwa hiyo kwa vitu baridi tumia mienendo ya CatWISE2020, katalogi ya baadaye ya WISE. WD 0806-661 ilikutwa hivyo na Spitzer mwaka 2011: mwenza wake yuko sekunde 130 pembeni, vizio kama 2,500.

Kazi ya macho ya watu haijapitwa na wakati. LSPM J0207+3331, kibete baridi chenye vumbi kilichotangazwa mwaka 2019 umbali wa miaka ya nuru 145, kilionwa na mwanasayansi wa kujitolea huko Ujerumani aliyekuwa anapitia kumbukumbu za Gaia akitafuta vibete vya kahawia. Kina umri wa kama miaka bilioni 3, na vumbi la umri huo halikutarajiwa.

Njia nyingine ni kungoja kitu kipite mbele ya kibete na kuziba mwanga wake. Upande huo wa kupatwa, kosa kubwa ni muda wa picha. WD 1856+534, iliyotangazwa 2020, hufunikwa na mwenza wake asilimia 56 kwa dakika 8 tu kila siku 1.4. Kamera inayojumlisha mwanga kwa dakika 30 italiona tukio hilo chini ya asilimia 15. Piga picha za sekunde 30 hadi 60. Pikseli ya darubini ya angani TESS ina sekunde 21, kwa hiyo nyota pacha ya jirani inayopatwa huingia bila hodi. Na kabla ya kushangilia mawimbi ya dakika 2 hadi 20, kumbuka kuna vibete vinavyopwita vyenyewe, G29-38 kikiwemo. WD 1145+017 ilipokuwa na vurugu za vumbi linaloipita mbele baada ya 2015, wapenzi wa nyota waliifuatilia kwa darubini za kipenyo cha sentimita 35, ikififia hadi asilimia 40 kwa mzunguko wa saa 4.5. Baadaye ilitulia.

Kutoka Arusha WD 1856 hupanda digrii 33 tu upande wa kaskazini. Mlima Meru hauizuii, kilele chake kiko kama digrii 11 juu ya upeo ukiwa mjini, wala Kilimanjaro haiizuii kwa mtu wa Moshi. Mawingu ya milima hiyo ndiyo yanayoizuia. Husemwa dalili ya mvua ni mawingu. Meru inaweza kuvaa wingu wiki nzima bila kudondosha tone, na wiki hiyo itakuwa ile uliyoipangia kazi. Kwa kazi ya usiku kwa jumla Januari na Februari ndiyo miezi ya kupanga (WD 1856 yenyewe miezi hiyo iko upande wa Jua, ipangie katikati ya mwaka), mbali na miteremko: upande wa Makuyuni au Longido kwa wa Arusha, tambarare za kuelekea Nyumba ya Mungu kwa wa Moshi. Funika lenzi hadi gari za barabara ya vumbi zikome, na ukikuta unga kwenye kioo upulize kwa pampu ya mkono, usiufute kwa kitambaa. Mchanga wa volkano hukwaruza.

Kwa darubini ya sentimita 20 anza na 40 Eridani B, kibete cheupe rahisi kuliko vyote: magnitudi 9.5, sekunde 83 kutoka kwa nyota yake kuu, na kwetu hupita digrii 86, karibu utosini. Halafu jaribu Shira B (Sirius B). Nyota ya Shira, ambayo jina lake watu wa Moshi wanalijua kwa uwanda wa magharibi ya Kilimanjaro, hupanda kwetu hadi digrii 77, na mwenza wake kwa sasa yuko sekunde 11 pembeni akiwa hafifu kwa mara kama 10,000. Ulaya huitafuta karibu na mapaa ya nyumba. Hapa hewa ni nyembamba na mara nyingi imetulia baada ya saa nne usiku. Weka nyota kuu nje kidogo ya uwanja wa lenzi ya jicho, usubiri.

Orodha ya ziada ulizozikataa itunze kwa makini kuliko ya zilizofaulu. Kwa kila nyota andika namba ya Gaia, mwaka wa kila picha, umbali wa kitovu kwenye W1 na W2, na sababu ya kukataa kwa maneno yako. Darubini ya angani SPHEREx iliyorushwa Machi 2025 inapima anga lote kwa vichujio 102 kati ya mikromita 0.75 na 5, kwa hiyo methani ya kibete cha kahawia na mteremko laini wa vumbi vitatofautishwa bila kuomba muda wa darubini ya mtu. Pikseli yake lakini ina sekunde 6.2. Galaksi zilizokuwa ndani ya ukungu wa WISE zitakuwa ndani ya pikseli hiyo pia.